Tiba ya mionzi huanza na picha: niliyoyapitia na saratani ya tezi dume

Kila siku ya matibabu, muda mwingi niliolala juu ya kitanda cha mashine haukuwa wa kupigwa mionzi. Mionzi yenyewe ilichukua kama dakika mbili, mashine ikinizunguka. Muda uliobaki ulikuwa wa picha: kupigwa picha, wataalamu kuichunguza wakiwa chumba cha pili, kitanda kusogezwa kidogo, na mara nyingine picha kurudiwa. Niliandaliwa kwa uchovu, kwa kukojoa mara kwa mara, kwa tumbo kuvurugika. Habari ya picha nilikutana nayo nikiwa nimeshalala chali, na wiki ya kwanza nilipata hofu ambayo maelezo ya robo saa yangeiondoa. Naandika ili wengine wapate maelezo hayo mapema. Mengi nitakayosema ni ya nyonga, lakini anayetibiwa titi, kifua au koo atakuta yanamgusa.

Tezi dume haitulii mahali pamoja. Iko chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kibofu kikijaa au kikipungua, puru ikiwa na kinyesi au gesi, tezi husukumwa kwa milimita kadhaa, na siku nyingine hata zaidi ya sentimita moja. Mionzi ya siku hizi hulengwa kwa mpaka mwembamba. Daktari huchora eneo la saratani, kisha likaongezwa ukingo wa usalama kulizunguka, kwa kawaida milimita 5 hadi 10. Tezi ikitoka nje ya ukingo huo, sehemu ya saratani hukosa dozi, na dozi hiyo huenda kwenye ukuta wa puru au kibofu. Picha ya kila siku ipo kwa ajili hiyo: kuthibitisha kwamba kilichochorwa kwenye mpango ndicho kilicho mbele ya mwonzi leo.

Kabla ya yote niliwekewa punje tatu za dhahabu ndani ya tezi. Si kila kituo hufanya hivyo, vingine hutegemea kuiona tezi yenyewe kwenye picha ya CT, yaani eksirei zinazopigwa kuuzunguka mwili kisha kuunganishwa na kompyuta. Punje moja ina urefu wa milimita chache na unene wa kama milimita moja, na daktari huiingiza kwa sindano akiongozwa na altrasaundi. Kwenye eksirei ya kawaida tezi haionekani kabisa, lakini dhahabu huonekana waziwazi, na punje tatu zinatosha kuonyesha tezi imesogea wapi na imegeuka kiasi gani. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, maana huenda zikasimamishwa kwanza. Maliza antibayotiki ulizopewa. Damu kidogo kwenye mkojo nilikuwa nimeambiwa niitarajie, na ilikuja na kuisha yenyewe. Homa au kutetemeka baada ya utaratibu huo ni jambo jingine: hapo unarudi hospitali siku hiyohiyo. Baada ya kuwekewa nilisubiri zaidi ya wiki ndipo nikaitwa kwa hatua iliyofuata, ili uvimbe ushuke na punje zitulie zilipo.

Hatua hiyo ilikuwa CT ya kupangia tiba, na ningependa kila mgonjwa aipe uzito kuliko siku nyingine yoyote. Niliambiwa nikojoe, ninywe kiasi cha maji walichokipima wao, nisubiri, kisha nilale jinsi nitakavyolala kila siku ya tiba, miguu ikiwa imeshikwa na vifaa vya kuizuia isicheze. Picha ilipotoka, puru yangu ilikuwa imejaa gesi. Nikaambiwa nishuke. Nikapewa enema, dawa ya kusafisha puru inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, nikaenda chooni, nikanywa maji upya, nikasubiri upya. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini na siku nzima ikaondoka. Nilikereka, na nilionyesha wazi kwamba nimekereka.

Mwanafizikia tiba, mtaalamu anayesimamia vipimo vya mashine na mpango wa mionzi, akaja kukaa nami kwenye benchi. Akasema, "Mzee, hii ndiyo picha tutakayoirudia mpaka mwisho wa tiba. Tukikupangia ukiwa na gesi, kila siku tutapeleka mionzi mahali ambapo tezi haipo."

Kisha akanifafanulia jambo ambalo mpaka leo naona ndilo kiini cha habari yote. Kuna tofauti za siku hadi siku: leo umelala milimita mbili kushoto, kesho moja kulia. Hizo kwa sehemu hufidiana. Na kuna kosa la kudumu, lililoingia wakati wa kupanga na linalojirudia kila kipindi kwa upande uleule. Mwaka 2000 Marcel van Herk na wenzake nchini Uholanzi walitoa kanuni ya kukadiria ukingo wa usalama, ambamo kosa la kudumu huzidishwa kwa 2.5 na lile la siku hadi siku kwa 0.7. Maana yake, upana wa ukingo unaongezwa na kosa la kudumu mara tatu na nusu kuliko tofauti za kila siku. Mwaka 2005 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wanaume waliopigwa CT ya kupangia puru zao zikiwa zimetanuka: saratani iliwarudia zaidi kuliko wenzao. Hao walitibiwa bila tezi kufuatiliwa kwa picha kila siku. Nilipoyasikia hayo, hasira yangu ya kushushwa kitandani ilikwisha. Ukiambiwa urudie picha ya kupangia, irudie. Ukihisi tumbo limejaa gesi na hakuna aliyekuuliza, sema wewe.

Mwishoni mwa siku hiyo waliniwekea nukta ndogo za wino kwenye ngozi, moja mbele na mbili ubavuni. Miale ya leza kutoka ukutani hupangwa juu ya nukta hizo ili mwili ulale palepale kila siku. Nilidhani nukta zinatosha. Hazitoshi, kwa sababu ngozi huteleza juu ya mifupa, na tezi nayo husogea ndani ya nyonga bila kuifuata mifupa. Nukta hukufikisha karibu, na picha ndiyo inayosahihisha umbali uliobaki.

Zamani hata picha hiyo ilikuwa dhaifu. Uhakiki ulifanywa kwa mwonzi uleule wa tiba: filamu iliwekwa upande wa pili wa mgonjwa, mara nyingi mara moja tu kwa wiki. Mwonzi wa tiba una nguvu ya mamilioni ya volti, na kwa nguvu hiyo mfupa na nyama huuzuia kwa viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo picha hutoka kama imefunikwa na ukungu. Eksirei ya uchunguzi, yenye nguvu ya maelfu ya volti, huzuiwa zaidi na kalisi iliyo kwenye mifupa, na ndiyo maana mfupa hutoka mweupe. Mashine niliyotibiwa nayo, linaki, ilikuwa na vyote viwili. Kichwa kikubwa hutoa mionzi ya tiba, na pembeni kuna mikono miwili: mmoja una chanzo cha eksirei, mwingine una bamba la kupokea picha. Mikono hiyo ikimzunguka mgonjwa kwa muda wa kama dakika moja, kompyuta hutengeneza picha ya CT kutokana na mwonzi unaotanuka kwa umbo la koni. David Jaffray na wenzake wa Michigan ndio walioeleza mfumo huo kwa kina mwaka 2002. Kwa hiyo tunaotibiwa sasa tunapata kitu ambacho waliotibiwa miaka ya tisini hawakuwa nacho, na naliwaza hilo mara nyingi nikikumbuka jamaa zangu waliotibiwa enzi hizo.

Siku ya kwanza ya mionzi wataalamu walinipanga, wakazima taa, wakarudisha leza kwenye nukta, wakatoka. Mlango mzito ukafungwa. Mikono ikanizunguka. Kisha kimya kirefu, na ghafla kitanda kikasogea chenyewe, hakuna mtu chumbani. Nilishtuka nikadhani mashine imeharibika. Sauti kwenye spika ikaniambia, "Baba, usisogee, tunakurekebisha." Kilichokuwa kinafanyika ni hiki: walikuwa wameiweka picha ya leo juu ya ile ya kupangia, wakaona punje za dhahabu zimepishana kwa milimita kadhaa, wakaamuru kitanda kisogee kiasi hicho ndipo mionzi ianze. Kimya kile kirefu ndicho kipindi cha kulinganisha, na siku za mwanzo huwa kirefu zaidi kwa sababu huenda daktari akaitwa kuthibitisha. Kuna kamera, wanakuona. Kuna kipaza sauti, wanakusikia. Ukihisi maumivu au unataka kukohoa, sema au inua mkono kama mlivyokubaliana. Usijaribu kujisogeza ili uwasaidie, kwa sababu ukisogea baada ya picha, picha hiyo imepoteza maana na inabidi ipigwe tena.

Kisha ikaja ile siku niliyoshushwa tena, safari hii tiba ikiwa imeshaanza. Nililala nimejaza kibofu hadi nauma, picha ikapigwa, wakaingia wakasema gesi imerudi, niende nikatembee na nijaribu choo. Aliyekuwa nyuma yangu akaingia badala yangu. Nilipojaribu choo nilijikuta nimekojoa yote, kwa hiyo ikabidi kunywa na kusubiri upya. Nilifedheheka. Nilihisi mwili wangu unakaguliwa na kukataliwa mbele ya watu. Baadaye, mionzi ilipokwisha, nikaomba kuonyeshwa hiyo picha, nao wakakubali bila shida. Kwenye skrini gesi ilikuwa duara jeusi, kibofu kijivu, punje za dhahabu nyeupe kali. Mstari uliochorwa wakati wa kupanga ulikuwa sehemu moja na tezi imesukumwa mbele, nusu yake iko ukingoni. Ukiona kwa macho yako huhitaji kuelezwa tena. Ombi langu kwa kila mgonjwa anayeweza kulivumilia: omba kuona picha yako angalau mara moja.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza: kama kitanda kinaweza kusogea, kwa nini hakikusogezwa tu kuifuata tezi? Jibu ni kwamba kitanda husogeza mwili mzima. Kinarekebisha mahali, na vingine hurekebisha na kuinama kidogo, lakini hakuna kitanda kinachorekebisha umbo. Gesi ilikuwa imeipinda tezi na kuutanua ukuta wa mbele wa puru. Kuifuata tezi kungeuingiza ukuta huo kwenye dozi kubwa. Na kwa wale ambao tezi za limfu za nyonga nazo zinatibiwa, shida ni kubwa zaidi: limfu hizo hufuata mifupa, tezi dume haifuati, kwa hiyo ukiilenga moja barabara unaweza kuikosa nyingine. Kwa hali kama hizo njia iliyo salama ni mgonjwa kushuka na kujiandaa upya. Katika mpango wa vipindi 20 vya Gy 3 kila kimoja (Gy, au grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi), ambao umetumika sana tangu utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, kila kipindi ni sehemu ya ishirini ya tiba nzima. Saa moja ya kusubiri si kitu ukilinganisha na hiyo.

Nilikuwa pia na wasiwasi wa picha zenyewe. Eksirei ni mionzi, na mimi napigwa kila siku juu ya ile ya tiba. Mwanafizikia aliniambia kwamba kwa CT ya namna hii ya nyonga, dozi ya picha moja ni karibu asilimia 1 ya dozi ya kipindi, au pungufu, na kwamba hupunguzwa kadiri inavyowezekana, mathalani kwa kutumia picha mbili bapa badala ya CT pale zinapotosha kuonyesha punje. Kwa mtoto au kijana anayetibiwa, swali hilo lina uzito zaidi na linafaa kuulizwa waziwazi. Mimi, kwa umri wangu na kwa nilichokiona kwenye skrini, nilitulia.

Kuna siku mfumo wa picha uliharibika. Mionzi ya tiba ilikuwa inafanya kazi, kipande cha picha tu ndicho kilichogoma. Tulikaa hadi jioni, kisha wagonjwa wa aina yangu tukarudishwa nyumbani bila kutibiwa. Wengi walilalamika na sikuwashangaa: kuna aliyekuwa amepanga chumba karibu na hospitali na kila siku ya ziada inamgharimu, kuna anayepoteza ujira kila anapokuja, na kwa saratani fulani kuchelewa kuna athari zake pia. Kipindi changu kiliongezwa mwishoni. Kilichoniumiza ni kwamba hatukupewa maelezo yoyote hadi jioni. Uliza swali hili kabla hujaanza: picha isipopatikana mnafanyaje, na kipindi kilichokosekana hufidiwa vipi? Kituo kizuri kitakuwa na jibu tayari, kwa sababu kimeshalifikiria.

Ucheleweshaji wa asubuhi nao una sababu. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, wataalamu hupima kama kitovu cha mfumo wa picha na kitovu cha mwonzi wa tiba vinakutana mahali pamoja, wakitumia kifaa maalumu chenye alama ndani yake. Mwongozo wa wanafizikia tiba wa Marekani wa mwaka 2009 unataka tofauti isizidi milimita 2 kwa tiba za kawaida, na milimita 1 kwa zile za dozi kubwa zinazolengwa mahali padogo. Kama vitovu hivyo havikutani, picha itakuwa safi, watu watailinganisha kwa uangalifu, na bado mwonzi utaenda pembeni. Ukisikia "mashine inapimwa", waache wapime.

Kwenye benchi la kusubiri nilijifunza kwamba kila saratani ina vita vyake na picha. Mama mmoja aliyekuwa akitibiwa titi la kushoto alifundishwa kuvuta pumzi na kuishikilia, ili mapafu yajae na moyo usogee mbali na mwonzi. Kamera maalumu zilifuatilia kifua chake, na mionzi ilisimama pumzi ikishuka. Alifanya mazoezi ya kushika pumzi nyumbani na alisema yalimsaidia kuliko kitu kingine chochote. Kijana wa saratani ya koo alifungwa kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la uso wake. Alipokonda, picha zikaonyesha shingo imepungua na kinyago kimelegea, akatengenezewa kingine na mpango mpya. Yeye mwenyewe alikuwa ameona kinyago kinapwaya kabla ya hapo akanyamaza akidhani ni nafuu. Kukonda au kuvimba kwa mwili ni habari ambayo wataalamu wanaihitaji, usisubiri mpaka picha iwaambie.

Wiki za mwisho zilikuwa ngumu kwangu kwa upande wa kibofu. Mionzi ilikuwa imekikera, na kukaa na mkojo kwa muda ule wa mwanzo hakukuwezekana. Niliwaambia ukweli. Wakanipima kwa altrasaundi ndogo ya kibofu kabla ya kulala, wakapunguza muda wa kusubiri, na picha zikaendelea kukubalika. Kinachotakiwa ni kibofu kinachofanana siku hadi siku, kilichojaa kwa kiasi unachoweza kuvumilia. Kukijaza kupita kiasi kunakufanya utetemeke na ukaze misuli kitandani, na hiyo nayo inaonekana kwenye picha. Kilichonisaidia sana ni kunywa maji ya kutosha tangu asubuhi badala ya kuyasubiri maji ya hospitali, kwa sababu mwili uliokauka huchelewa kujaza kibofu. Choo nilikizoesha saa ileile kila siku, na vyakula vilivyonijaza gesi niliviacha mpaka tiba ilipokwisha. Dawa ya kulainisha choo uliza daktari, usijinunulie.

Nilipokutana na daktari kwa mara ya mwisho kabla ya kuruhusiwa, nilikuwa na maswali ambayo ningetamani ningeyabeba tangu mwanzo. Picha zinapigwa kila siku au siku za mwanzo tu kisha kila wiki? Mnalinganisha nini: mifupa, punje, au tezi yenyewe? Ni tofauti ya kiasi gani inayowafanya mnishushe, na nani anaamua? Majibu yanatofautiana kati ya kituo na kituo na kati ya saratani na saratani, na tofauti hizo nyingi zina sababu nzuri. Ukiwajua wanaoamua na wanachokitafuta, dakika zile za kimya chumbani zinapungua makali.

Sasa napimwa PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kila baada ya miezi kadhaa, na hushuka taratibu, kwa hiyo usikate tamaa kipimo cha kwanza kisipokuwa chini kama ulivyotarajia. Punje za dhahabu zitabaki mwilini. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo hazikuzuii kupigwa MRI, picha inayotumia sumaku kubwa, ila mtaje kuwa unazo kwa sababu zinaacha madoa kwenye picha. Nimeomba muhtasari wa tiba yangu ulioandikwa: eneo lililotibiwa, jumla ya dozi, idadi ya vipindi, tarehe, na aina ya picha zilizotumika kuhakiki. Nimeweka nakala moja nyumbani na nyingine nimempa binti yangu. Kama siku moja nitahitaji mionzi tena karibu na eneo hilo, daktari wa wakati huo atauliza kwanza karatasi hiyo, na hospitali zinabadilisha mifumo ya kompyuta. Iombe kabla hujaondoka siku ya mwisho, wakati faili lako bado liko mikononi mwa watu wanaokufahamu.